Spika ghali, umeme wa jenereta: Namna ya kupima vyombo vya kusikilizia muziki nyumbani mjini Juba

Mtu anapokusudia kununua spika na amplifaya za daraja la juu mjini Juba, jina la kampuni iliyozitengeneza ni jambo la kuulizwa mwishoni. Kabla ya hapo kuna umeme utakaoziendesha, chumba zitakamowekwa, na fundi atakayezifungua siku zitakapozima.

Hai Jalaba ni miongoni mwa mitaa ya kale ya jiji hilo. "Hai" kwa Kiarabu ni mtaa, na "jalaba" ni jina walilopewa wafanyabiashara waliotoka kaskazini mwa Sudan. Wagiriki waliofika katika miaka ya 1920 nao walijenga hapo maduka na nyumba, na baadhi ya majengo yao yangali yamesimama. Leo Kiswahili husikika Juba kwa wachuuzi na mafundi kutoka Kenya, Uganda na Kongo, na kwa Wasudan Kusini waliokulia ukimbizini Kakuma na kwingineko kabla ya kurejea. Wengi wamekuja na muziki wao: rumba, dansi na taarab, pamoja na kumbukumbu za bendi za Juba yenyewe, kama Skylarks na Rejaf Jazz, zilizowahi kutumbuiza katika kumbi za usiku za mji huo.

Mwenye kutenga akiba ya miaka kadhaa ili ausikie muziki huo inavyostahili hana nafasi kubwa ya kukosea. Paundi ya Sudan Kusini imepoteza thamani mara nyingi tangu uhuru wa mwaka 2011, na kifaa kilichonunuliwa Dubai au Nairobi hakirudishwi dukani kwa urahisi.

Umeme kwanza

Tangu mwaka 2019 sehemu za Juba zimekuwa zikihudumiwa na mtambo wa mafuta wenye uwezo wa megawati 33. Hata hivyo, nyumba nyingi bado hutegemea jenereta, au paneli za sola zenye betri na inveta. Umeme rasmi wa nchi ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Jenereta ndogo, hasa iliyochoka au iliyobebeshwa mzigo mkubwa, haishiki viwango hivyo. Volti hupanda na kushuka kila friji la jirani linapowaka.

Amplifaya nzuri huvumilia mabadiliko madogo, lakini haipaswi kuunganishwa moja kwa moja na chanzo cha namna hiyo. Stabilaiza yenye uwezo wa kutosha ni sehemu ya bei ya mfumo, wala si nyongeza. Kwa wanaotumia sola, inveta ya bei nafuu hutoa mawimbi ya umeme yenye ngazi ngazi, na ngazi hizo husikika katika spika kama mvumo au mlio mwembamba usiokoma. Inveta inayotoa mawimbi laini ndiyo inayofaa. Jaribio lake ni jepesi: amplifaya iwashwe bila kucheza wimbo wowote, sauti ipandishwe hadi kiwango cha kawaida cha kusikilizia, kisha msikilizaji asogeze sikio karibu na spika. Anachokisikia hapo kitakuwamo ndani ya kila wimbo.

Kifaa kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani kinahitaji uangalifu wa pekee. Huko umeme ni wa volti 120 na mizunguko 60. Kipunguza volti kitaiokoa amplifaya isiungue, lakini hakibadilishi mizunguko. Mashine za kuchezea santuri ambazo mota zake hufuata mizunguko ya umeme zitakwenda polepole kwa sehemu moja ya sita: santuri ya mizunguko 33 kwa dakika itazunguka takriban mara 28, na sauti ya mwimbaji itashuka nusutoni tatu. Kwa jenereta hali hugeuka. Ikikimbia kwa mizunguko 52 badala ya 50, wimbo huenda kasi kwa asilimia 4, kiasi cha kumfanya mpiga gitaa anayejaribu kuufuata ashindwe kulingana nao. Mashine zenye mota ya umeme mnyoofu hazina tatizo hili, na kwa Juba ndizo za kutafutwa.

Tarakimu zinazodanganya

Katika masoko ya Afrika Mashariki ni kawaida kukuta boksi limeandikwa wati 5,000 kwa herufi kubwa, zikifuatiwa na herufi PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni inayokubalika, na kila mtengenezaji hukikokotoa apendavyo. Mnunuzi ageuze kifaa na kusoma kibandiko cha nyuma. Ikiwa kifaa kinavuta wati 60 kutoka ukutani, hakiwezi kutoa wati 5,000 mfululizo. Hakiwezi kutoa hata hizo 60, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kama joto. Kipimo cha kuaminika zaidi ni wati za mfululizo, zinazoandikwa RMS, pamoja na kiwango cha upotoshaji wa sauti kinachoambatana nazo.

Tarakimu yenye manufaa zaidi kwa anayelipia mafuta ya jenereta ni ile inayoonyesha sauti ambayo spika hutoa kwa wati moja, ikipimwa umbali wa mita moja. Spika moja inaweza kutoa desibeli 84 na nyingine 90. Tofauti ya desibeli 6 yaonekana ndogo, lakini kila desibeli 3 hudai umeme maradufu. Spika ya kwanza itahitaji nguvu mara nne ili ifikie sauti ya pili. Penye betri mbili za sola, hilo ni jambo la kupigia hesabu.

Chumba nacho hupiga muziki

Wengi hutumia fedha zote kwa vyombo, wakasahau kwamba nusu ya kinachosikika hutoka ukutani. Kuta za mawe au saruji, sakafu ya vigae na madirisha ya kioo hurudisha sauti kwa ukali. Mashairi ya taarab huchanganyika na mwangwi wake, na vinanda hugeuka kelele. Tiba yake haihitaji kuagizwa ng'ambo. Zulia nene au mikeka kadhaa mbele ya spika, mapazia mazito, kochi la kitambaa na kabati la vitabu lililojaa hubadilisha chumba kuliko waya wowote wa bei ghali. Na kuhusu waya isemwe wazi: shaba yenye unene wa kutosha na viunganishi vilivyokaza vinatosha.

Besi ina tabia yake. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, hewa ikiwa na joto la nyuzi 35, sauti ya takriban hezi 44 hujirudia baina ya kuta mbili na kujikuza yenyewe. Ndiyo sababu noti moja ya gitaa la besi huweza kunguruma kupita kiasi huku noti inayofuata ikipotea. Spika zikisogezwa nusu mita kutoka ukutani, na kiti kikiondolewa katikati kabisa ya chumba au ukutani, hali hupungua. Ni vema kujaribu sehemu kadhaa kabla ya kulaumu kifaa.

Mabati ni suala jingine. Msimu wa mvua wa Juba huanza takriban Aprili na kuendelea hadi Oktoba, na mvua kubwa juu ya bati lisilo na dari huzima muziki wote. Mwenye nyumba ya namna hiyo atafaidika zaidi kwa kuweka dari kuliko kwa kununua amplifaya kubwa zaidi.

Masikio yasiyojua bei

Kusikiliza ndicho kipimo cha mwisho, ila masikio hushawishika kwa urahisi. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba watu hubadili hukumu yao juu ya spika wanapoziona, hata wenye uzoefu. Ukubwa, sura na jina viliingia katika kile walichodai kukisikia. Jaribio la haki basi hufanywa kwa pazia baina ya msikilizaji na vyombo, na mtu mwingine akiwa anabadilisha.

Sharti la pili ni kulinganisha kimo cha sauti. Kifaa kinachopiga kwa nguvu kidogo zaidi huonekana kuwa bora, hata tofauti isipotambulika kama ongezeko la sauti. Baadhi ya wauzaji wanalijua hilo vyema. Programu ya simu ya kupima desibeli, ingawa si sahihi kikamilifu, yatosha kumzuia mnunuzi asihadaike.

Nyimbo za majaribio ziwe zile anazozijua kwa miaka. Rumba ya Kinshasa ni mtihani mzuri, kwani magitaa matatu au manne hufumana kwa wakati mmoja. Spika dhaifu huyaunganisha yakawa kitu kimoja. Taarab ya kundi kamili hupima kama udi, kanuni na fidla vinatengana. Rekodi za kale zihukumiwe kwa haki yake. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri za enzi hiyo hazikubeba besi nzito wala sauti nyembamba za juu. Hakuna kifaa kitakachorudisha kisichokuwamo, na kinachofanya rekodi hizo zing'ae kupita kiasi kinaongeza chumvi yake.

Faili lililobanwa sana na kupitishwa simu kwa simu nalo huharibu hukumu. Heri diski ya kawaida, ambayo kwa kipimo chake cha biti 16 tayari ina nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya ukimya na kilele, kiasi ambacho nyumba yenye jenereta uani haitakimaliza kamwe.

Joto, vumbi na fundi

Kapasita za ndani ya amplifaya hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila ongezeko la nyuzi 10 za joto. Amplifaya za mtindo wa zamani zinazochemka hata zisipocheza hazifai katika mji ambao Machi hupita nyuzi 38. Zile za kizazi kipya, zinazojulikana kama daraja D, hupoteza umeme kidogo na hubaki baridi. Spika zilizotumika zikaguliwe ukingo wa koni: ule wa sponji huoza na kumong'onyoka ukiguswa kwa kidole, ule wa mpira hudumu.

Vipuri vingi hupitia Nimule, kilomita 192 kutoka Juba, vikitokea Kampala au Nairobi. Kabla ya kulipa, mnunuzi amwonyeshe fundi wa mtaani picha ya ndani ya kifaa na kumwuliza kama transista zake zinapatikana. Fundi akisita, bei ya kifaa hicho ihesabiwe upya pamoja na nauli ya kukirudisha kilikotoka.