Redio, Askofu na Jehanamu: Mabishano ya Norway ya Mwaka 1953

Utangulizi

Mchungaji anapoitwa kumzika mtu ambaye hakuonekana kanisani kwa miaka mingi, waombolezaji wengi huwa na swali moja moyoni: marehemu amekwenda wapi? Wako wahubiri wanaolijibu swali hilo mbele ya jeneza bila kusita, kana kwamba wamekabidhiwa kitabu cha Hakimu wakisome. Wako na wengine ambao hawalitamki neno jehanamu katika utumishi wao wote, wakichelea kuwaumiza watu. Katika makala haya nakusudia kuyatazama mabishano yaliyolitikisa kanisa la Kilutheri la Norway kuanzia mwaka 1953, kwa kuwa humo mielekeo hii miwili ilikutana hadharani, na kila upande ulikuwa na mtetezi mwenye heshima.

Watetezi wawili

Ole Hallesby (1879–1961) alikuwa kwa miaka mingi profesa katika Menighetsfakulteten, chuo cha theolojia kilichoanzishwa mwaka 1907 na Wakristo walioipinga theolojia ya kiliberali iliyofundishwa katika chuo kikuu cha serikali. Alikuwa pia kiongozi mkuu wa watu wa uamsho, na kitabu chake juu ya maombi kimesomwa katika nchi nyingi. Wakati wa utawala wa Wanazi alishiriki katika upinzani wa kanisa, akafungwa katika kambi ya Grini. Hakuwa mtu wa kutikiswa na vitisho, wala maneno yake hayakuwa ya mzaha.

Kristian Schjelderup (1894–1980) alitoka upande wa pili. Tangu ujana wake alijulikana kuwa mwanatheolojia wa kiliberali aliyejishughulisha na saikolojia ya dini. Mwaka 1947 alifanywa kuwa askofu wa Hamar, na wengi wa upande wa Hallesby hawakupendezwa. Hivyo basi, cheche ilipoanguka, kuni zilikuwa zimekwisha kukauka.

Cheche hiyo ilianguka tarehe 25 Januari 1953. Hallesby alihubiri katika redio, akawaelekea wasikilizaji wasioongoka, akawauliza wawezaje kulala usiku kwa amani hali hawajui kama wataamkia kitandani mwao au jehanamu. Siku zile Norway ilikuwa na shirika moja tu la redio, la taifa, hivyo sauti yake iliingia katika nyumba za watu wa kila namna. Magazeti yakajaa malalamiko na utetezi. Askofu Schjelderup akajibu kwamba fundisho la mateso ya milele halina nafasi katika dini ya upendo, na kwamba yeye alifurahi kuwa siku ya mwisho hatuhukumiwi na wanatheolojia wala wakuu wa kanisa, bali na Mwana wa Adamu mwenyewe.

Chimbuko la mabishano

Neno hili halikuzaliwa Norway. Katika karne ya 3 Origen wa Aleksandria alitumaini kwamba mwishowe viumbe wote wenye akili watarejezwa kwa Mungu, na adhabu ya Mungu aliiona kuwa dawa yenye kusafisha. Gregorio wa Nyssa naye alikuwa na tumaini lililofanana na hilo. Kinyume chake Augustino, katika kitabu cha 21 cha *Mji wa Mungu*, aliwapinga Wakristo wenye huruma waliotazamia mwisho wa adhabu. Hoja yake kubwa ni Mathayo 25:46. Neno lile lile la “milele” limetumika kwa uzima na kwa adhabu. Ukiifupisha adhabu, wawezaje kutoufupisha uzima? Mwaka 543 Kaisari Justinian aliyalaani mafundisho ya Origen, na Kanisa la Magharibi likaifuata njia ya Augustino.

Walutheri waliirithi njia hiyo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika Kifungu cha 17, lafundisha kwamba Kristo atatokea siku ya mwisho ahukumu, atawafufua wafu wote, atawapa wateule uzima wa milele, naye atawahukumu waovu na mashetani kuteswa pasipo mwisho. Kisha lawakataa Waanabaptisti waliosema kwamba adhabu hiyo itakoma. Ungamo hilo, pamoja na Katekisimo Ndogo ya Luther, ni msingi wa imani wa kanisa la Norway, nasi pia tumeupokea. Kwa sababu hiyo wapinzani wa Schjelderup hawakuuliza tu kama amekosea. Waliuliza: je, mtu huyu angali anaweza kuwa askofu?

Hukumu ya serikali

Schjelderup mwenyewe aliiomba Wizara ya Kanisa na Elimu iamue kama amejiweka nje ya maungamo ya kanisa. Maaskofu na wanatheolojia wakatoa maoni yao, wala hawakuafikiana. Mwaka 1954 Wizara ikatamka kwamba askofu huyo hakujiweka nje ya maungamo. Akaendelea na kazi yake hadi mwaka 1964.

Hata hivyo tamko hilo halikuwaridhisha watu wa uamsho. Waliuliza kwa haki: tangu lini ofisi ya serikali ikawa mlinzi wa mafundisho ya kanisa? Swali hilo lilidumu kuliko mabishano yenyewe. Katiba ya Norway ilibadilishwa mwaka 2012, na tangu mwaka 2017 kanisa hilo limekuwa chombo chenye kujitegemea kisheria.

Tathmini

Tukipima kwa maneno ya Ungamo peke yake, Hallesby alikuwa na hoja yenye nguvu. Kifungu cha 17 hakina utata kuhusu urefu wa adhabu. Askofu aliyeahidi kufundisha sawasawa na Ungamo hawezi kukipita kifungu hicho kwa kusema tu kwamba moyo wake wakikataa. Tena, upendo usiomwonya mtu aliye hatarini si upendo kamili.

Lakini hapo ndipo tunapopaswa kusoma kwa makini. Kifungu hicho hakianzi na moto. Chaanza na Kristo, ambaye ndiye atakayetokea na kuhukumu, wala hakimpi mhubiri mamlaka ya kutaja majina. Katekisimo Ndogo nayo, katika mafundisho ya Ubatizo, yalileta onyo la Bwana kwamba asiyeamini atahukumiwa (Marko 16:16). Bali inapoifafanua sehemu ya tatu ya Imani, yakiri ufufuo wa wote na uzima wa milele kwa waaminio, wala haikawii kueleza mateso. Onyo lipo, lakini shabaha ni kuamsha imani. Katika jambo hili Schjelderup alikumbuka neno ambalo wapinzani wake hawakupaswa kulisahau: Hakimu ni yule yule aliyesulubiwa.

Liko jambo jingine, nalo lahusu chombo kilichotumika. Katika mkutano wa uamsho, mhubiri akiisha kuonya hubaki na watu. Aliyechomwa moyo humwendea, wakapiga magoti pamoja, akalisikia tamko la ondoleo la dhambi. Redio haibaki. Ilimfikia mgonjwa kitandani na mama aliyefiwa na mwanawe, ikanyamaza, ikawaacha na sheria pasipo injili. Nadhani kosa la siku ile lilikuwa hapo kuliko katika fundisho lenyewe. Luther alifundisha kwamba sheria huua ili injili ihuishe. Mhubiri anayeua kisha akaondoka hajaimaliza kazi yake.

Hitimisho

Leo mahubiri yetu hurushwa redioni na kwa vipaza sauti hadi kwa watu tusiowaona, na mazishini husikilizwa na watu wa imani mbalimbali. Basi na tufundishe jehanamu kama Maandiko yanavyofundisha, bila kuipunguza na bila kuigeuza kuwa fimbo. Walio hai tuwaonye tukiwa tayari kukaa nao. Aliyekufa tumkabidhi kwa Mwenye kuhukumu kwa haki. Tukiulizwa kaburini, “Yuko wapi?”, tusione haya kujibu kwamba yuko mikononi mwa Kristo, na kwamba hakuna mwingine ambaye ingefaa tumwachie hukumu hiyo.