Melimeli ya Dhaka: kitambaa kilichoitwa hewa

Wadau, ukienda kununua sanda utamsikia muuzaji anataja bafta. Neno lile asili yake ni Kiajemi, maana yake kitu kilichofumwa. Sasa kule Bengali, ambako leo sehemu kubwa ni nchi ya Bangladesh, kulikuwa na kitambaa cha pamba kilichoitwa baft-hawa, yaani hewa iliyofumwa. Kingine kiliitwa shabnam, umande. Zote ni aina za melimeli ya Dhaka. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipita Bengali miaka ya 1340 akasifia vitambaa vya huko. Baadaye watawala wa Mughal wakavivaa, kisha wanawake matajiri wa Ulaya.

Pamba yenyewe iliitwa phuti karpas, ikimea kandokando ya mto Meghna. Nyuzi zake ni fupi, kwa mashine hazifai kabisa, zinataka mkono wa mtu. Walizichana kwa taya la samaki wa jamii ya kambare, maana lina vijino vidogo kama kitana (hapo nilicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa). Kusokota ilikuwa kazi ya wanawake vijana ambao macho yao bado makali, tena asubuhi na jioni tu, hewa ikiwa na unyevu. Jua likishawaka, uzi unakatika.

Mambo yaliharibika baada ya vita vya Plassey, 1757, Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki ilipoishika Bengali. Mawakala wake walimpa mfumaji pesa kabla ya kazi, halafu bei wanapanga wao. Ukichelewa, faini au viboko. Kuna stori maarufu eti Waingereza waliwakata wafumaji vidole gumba. Alichoandika William Bolts mwaka 1772, naye aliwahi kuitumikia Kampuni hiyo, ni kwamba wasokotaji wa hariri walijikata wenyewe ili wasilazimishwe kazi. Mimi naona hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Kisha viwanda vya Uingereza vikaanza kutoa melimeli ya bei poa, huku vitambaa vya India vikitozwa kodi kubwa vikiingia Uingereza. Mwaka 1817 Kampuni ikafunga ofisi yake ya biashara Dhaka. Wafumaji wengi wakarudi kulima. Hata mmea wenyewe ukapotea mashambani.

Kilichobaki ni jamdani, melimeli yenye maua yanayofumwa humo humo kwa mkono, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2013. Na watafiti wa Bangladesh hawakukata tamaa: walitafuta pamba ya porini, wakalinganisha vinasaba vyake na majani makavu ya zamani yaliyohifadhiwa, wakaipanda tena. Melimeli mpya imeshafumwa, na mwaka 2020 Bangladesh ikaisajili kama mali ya Dhaka. Sari moja inachukua miezi kadhaa, na bado haijafikia wembamba wa zile kuukuu zilizoko makumbusho ya Victoria and Albert, London.