KITI KATIKA BARAZA

Ndugu Wanachama, haifai tusahau jinsi viti vya Serikali vilivyogawanywa kwa rangi. Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilikutana mara ya kwanza mwaka 1907, wala halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1920 Wazungu walichagua wajumbe wao wenyewe. Mwaka 1924 Waafrika walipewa msemaji, naye alikuwa Mzungu, Padre John Arthur wa misheni ya Kikuyu. Ikawa kama mgonjwa alalaye nyumbani, na mwingine aende kwa daktari kumweleza maumivu yake. Ndipo mwaka 1944 Gavana akamteua Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza; na mwaka 1957 Waafrika wakachagua wajumbe 8 kwa kura.

Katiba ya mwaka 2010 yaagiza kwamba tume za taifa, kwa ujumla wake, zionyeshe makabila na sehemu mbalimbali za nchi. Agizo hilo ni jema. Lakini mjumbe wa kabila lako asiyekuja kukuuliza shida zako atakusemea kwa kubahatisha, sawasawa na mgeni. Basi tukitakiwa kutoa majina, tutazame kabila, tena tutazame masikio.