Ganzi, Sindano na Hofu ya Mtoto katika Historia ya Tiba ya Meno

Historia ya tiba ya meno huelezwa mara nyingi kama historia ya namna maumivu yalivyodhibitiwa. Desemba 1844, Horace Wells wa Hartford, Marekani, alivuta gesi ya kuchekesha, akang'olewa jino bila kuhisi maumivu. Mwaka 1884 Carl Koller alidhihirisha uwezo wa kokeini kutia ganzi. Mwaka 1943 Nils Löfgren akaunda lidokaini nchini Uswidi. Hata hivyo, kwa mtoto mdogo ganzi ilikuja na kitisho chake: sindano. Maumivu yalipungua, hofu ikabaki, na kilio kikahesabiwa kuwa ukaidi. Baadhi ya madaktari walimziba mtoto mdomo kwa mkono hadi anyamaze. Mwaka 1959 Addelston alipendekeza mtoto aelezwe, aoneshwe, ndipo atibiwe. Mwaka 1962 Frankl na wenzake waliainisha mwenendo wa mtoto katika ngazi nne. Lakini kipimo hicho kilipima ushirikiano wake, si hofu yenyewe. Mbinu ya kuziba mdomo iliondolewa katika miongozo ya madaktari wa meno ya watoto wa Marekani mwaka 2006. Hivyo basi, dawa ilitangulia. Kumsikiliza mtoto kulichelewa.