Mafuriko na Wageni Wake: Bonde la Kilombero katika Historia ya Dunia

Pale Kidatu, kwenye lango la kaskazini la Bonde la Kilombero, reli mbili hukutana bila kuungana. Ile inayotoka Kilosa ina upana wa milimita 1,000, kipimo ambacho Wajerumani walikitumia walipojenga Reli ya Kati. Ile ya Tazara, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, ina milimita 1,067, kwa kuwa ilipaswa kuungana na reli za kusini ambazo Waingereza walizipima kutoka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa hiyo shehena hushushwa huku na kupakiwa kule. Ubishi wa madola mawili ya Ulaya, ukiwa umesuluhishwa nusu nusu na dola la Asia, umelala chini kwenye kokoto za Kidatu. Hata hivyo, ukifungua vitabu vya historia ya dunia, utaanzia Misri, upite Uyunani na Roma, uingie Ulaya ya viwanda, na bara la Afrika Mashariki utalikuta pale tu mgeni anapobisha hodi. Nadai kwamba dunia ilikuwamo Kilombero zamani sana, na kwamba aliyeamua mgeni gani akae na yupi aondoke, mara nyingi kuliko bunduki au fedha, alikuwa mafuriko, pamoja na watu waliojua kuyasoma.

Mafuriko yenyewe kwanza. Mito ya Ruhudji, Mnyera, Mpanga na Kihansi hushuka kutoka nyanda za juu na kumwaga maji yake katika uwanda uliobanwa kati ya milima ya Udzungwa na vilima vya Mahenge, wenye urefu wa takriban kilomita 260. Kati ya Machi na Mei uwanda huo hugeuka kuwa kama bahari, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka huku. Wandamba ndio waliokuwa wenyeji wa maji hayo: walichonga mitumbwi, wakavua kambale na perege, wakalima mpunga kwa kufuata maji yanavyopanda na kushuka. Wala tusidhani kwamba kilimo hicho kilikuwa cha watu waliojitenga na dunia. Mpunga wa Asia ulifugwa kwanza huko China, ukavuka Bahari ya Hindi hadi pwani yetu, na kutoka pwani ukapenya bara. Mahindi na mihogo iliyokuja kulimwa pembeni mwa bonde ilitoka Amerika. Kitu cha Kindamba hapa ni kujua lini kupanda mbegu ile, juu ya tuta gani, na mtumbwi upite mkondo upi. Delta ya ndani ya mto Niger, kule Mali, ina ndugu wa mbali wa habari hii: Wabozo, wavuvi wa mafuriko, katika nchi ambayo Waafrika waliufuga mpunga wao wenyewe, tofauti kabisa na ule wa Asia. Wabozo na Wandamba hawakuwahi kusikiana, ila waliulizwa swali moja na mto.

Katika miaka ya 1860 swali hilo liliwafikia Wambunga. Walitokea kusini, wengi wao wakiwa na asili ya Wandendeule waliochanganyika na Wangoni, na nyuma ya safari yao ulikuwapo mtikisiko ulioanzia kusini mwa Afrika enzi za kuinuka kwa Wazulu. Ngao na mkuki wa karibu, silaha zilizotisha nchi kavu kutoka Limpopo hadi Ruvuma, zilifika mahali ambapo kwa miezi kadhaa adui huwezi kumfikia bila mtumbwi. Wambunga walishika maeneo ya Ifakara, wakatawala na kupigana na Wahehe, lakini chakula chao kilitegemea ujuzi wa Wandamba. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Wabena wa ukoo wa Manga, walioteremka kutoka milimani na kuweka watema, yaani watawala wao, mtoni. Kitabu cha A. T. na G. M. Culwick cha mwaka 1935, Ubena of the Rivers, kinalisimulia dola hilo, na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe alichangia sehemu ya historia.

Msomaji mwangalifu atapinga: kitabu cha afisa wa kikoloni, kilichosaidiwa na mtema, kitakosaje kuwapamba watawala? Kinawapamba, na ndiyo sababu nakiamini pale kinapowaendea kinyume. Waandishi waliokusudia kueleza utukufu wa Wabena hawakuweza kueleza jinsi dola lao lilivyokula na kusafiri bila kurudi, ukurasa baada ya ukurasa, kwenye mitumbwi na uvuvi wa Wandamba. Ushahidi wa mtu dhidi ya maslahi yake una uzito, hata mahakamani.

Hata Vita vya Majimaji husomeka vizuri zaidi ukisimama bondeni. Dawa ya maji ilihusiana na imani ya mzimu Bokero kwenye mto Rufiji, na Rufiji na Kilombero ni mfumo mmoja wa maji, kwa hiyo si ajabu kwamba habari ilipanda haraka. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Wajerumani pale Mahenge, wakakutana na bunduki za rashasha. Agosti ni kiangazi: mpunga umeshavunwa, maji yamerudi mtoni, na majeshi yanaweza kutembea kwa miguu. Sidai kwamba mafuriko yaliwasha vita. Kodi, kazi ya kulazimishwa na pamba ya kulimishwa viliwasha. Nadai tu kwamba kalenda ya mto ilifungua njia. Mtema Kiwanga wa Wabena, aliyemtangulia Towegale, alipigana upande wa Wajerumani, akafa katika vita hivyo, na shuleni tumezoea kumweka kwenye kapu la wasaliti. Hukumu hiyo ina haraka. Mtu aliyekwisha kugombea bonde na jirani zake tangu kabla ya Mjerumani kuja alimwona Mjerumani kama silaha nyingine ya ugomvi wa zamani, jambo ambalo watawala wa Ulaya ya karne ya 17 wangelielewa mara moja.

Waingereza walikuja na mkanganyiko wa aina yake. Walitaka bonde liwe ghala la mpunga, na papo hapo sheria zao za misitu zilibana ukataji wa miti mikubwa iliyochongwa mitumbwi. Mwanahistoria Jamie Monson ameonyesha jinsi sera mbili za serikali ileile zilivyogongana: huwezi kuupata mpunga ule ikiwa umemnyang'anya mkulima chombo cha kuufikia na kuusafirisha. Katika enzi hiyohiyo Wafaransa walianzisha Office du Niger mwaka 1932 kwa ndoto kama hiyo ya kuufuga mto. Mipango haikuisha. Mwaka 1961 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi mnene wa bonde zima la Rufiji. Mwaka 1986 Korea Kaskazini iliingia ubia na Tanzania kulima mpunga Mngeta, kisha ukafuata mtaji wa Uingereza. Nao haukudumu, ingawa hapo, kwa haki, bei na mikopo vililaumiwa kuliko maji.

Pingamizi kubwa ni hili: je, Tazara haikusimama? Kiwanda cha sukari cha Kilombero hakikustawi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960? Vyote viwili vimedumu, lakini tazama ramani. Reli haikukata katikati ya uwanda. Imeukumbatia mguu wa Udzungwa, ikipitia Ifakara na Mlimba, kisha ikapanda kwa mahandaki na madaraja kuelekea Makambako. Mashamba ya miwa yako Kidatu na Msolwa, kwenye kingo za Ruaha Mkuu, nje ya tumbo la mafuriko. Wahandisi wa Kichina na mabepari wa sukari walifanya kile ambacho Mmbunga alikwisha kujifunza: kaa pembeni, uingie ndani kwa adabu. Hii si kusema kwamba mazingira hutawala watu kama bwana na mtumwa. Mbu wa Ifakara waliua watu kwa karne nyingi, lakini katika miaka ya 1950 Rudolf Geigy kutoka Basel alifungua maabara mjini, karibu na misheni ya Wakapuchini, akianza na papasi na homa zake. Maabara hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, na utafiti wa vyandarua vyenye dawa uliofanyika hapa umesaidia watoto wa nchi nyingine. Safari hii ujuzi ulitoka bondeni kwenda duniani, nao ulitokea palepale palipokuwa na tatizo.

Leo wageni wanaendelea kuja. Wasukuma na Wamang'ati waliingia na ng'ombe wao, na mwishoni mwa 2012 serikali ikaendesha operesheni ya kuiondoa mifugo kwenye ardhi oevu iliyotambuliwa kimataifa tangu 2002, iliyowahi kuwa makazi ya swala waitwao sheshe wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Kwenye kivuko cha Ifakara, ambapo pantoni iliwahi kuzama, daraja la mita 384 lilifunguliwa mwaka 2018, na magari ya Mahenge hayangoji tena maji yapungue. Chini zaidi, bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji limejengwa kutoa megawati 2,115, nayo mitambo yake inangoja maji yaleyale ya Machi hadi Mei. Wakati huo mto Lumemo hupenda kuingia Ifakara mjini, na mkulima wa uwandani hurudi kwenye dungu lake kuwafukuza ndege.