Tangu Lini Habari Zikawa za Bure?

Kila nikiweka linki ya gazeti hapa, lazima kuna mtu aniambie, "Buda, hiyo imefungwa, tuwekee skrinishoti." Na mimi huweka. Leo acha niwape historia ya huo ukuta, kwa sababu jambo hili limeanza kunikera moyoni.

Twende New York, mwaka wa 1833. Magazeti yaliuzwa senti 6, bei ya watu wenye pesa zao. Benjamin Day akaja na gazeti la The Sun kwa senti 1. Mnadhani alikuwa anatoa sadaka? Wapi! Aliwauzia wafanyabiashara macho ya wasomaji wake. Matangazo ndiyo yaliyolipa, na kwa zaidi ya miaka 150 magazeti mengi yaliishi hivyo, hata haya yetu.

Halafu intaneti ikaja na matangazo yakahama. Mtu wa kuuza gari hakuhitaji tena ukurasa wa gazeti. Wall Street Journal walishtuka mapema; kufikia 1997 walikuwa wanatoza wasomaji wa mtandaoni. New York Times wakajaribu mwaka wa 2005: dola 49.95 kwa mwaka ili usome waandishi wao wa maoni. Zaidi ya watu 200,000 walilipa, lakini 2007 wakabomoa ukuta, wakihesabu kwamba wasomaji wanaoletwa na Google wataleta pesa zaidi za matangazo. Hesabu hiyo haikudumu. Machi 2011 wakarudi: makala 20 bure kwa mwezi, ukizidisha unalipa. Mwaka uliofuata zikawa 10.

Huku kwetu, Nation walijenga ukuta wao 2021. Watu tulipiga kelele, eti tangu lini habari zikalipiwa. Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Na babangu alinunua gazeti kila Jumapili! Majirani wanne walilisoma kabla halijaishia kuwasha jiko. Kwa kinyozi, nakala moja ilisomwa wiki nzima mpaka ikalegea kama kitambaa. Muuzaji wa stejini kwetu hata alikuwa anakukodishia kwa shilingi 10, usome, urudishe bila kulikunja.

Kwa hivyo kulipa si jambo geni. Geni ni kwamba nakala ya simu haina jirani. Ukilipa, umelipia macho yako peke yako. Aliyekosa anabaki na uzushi wa WhatsApp, na huo haujawahi kufungwa hata siku moja.

Na sisi watu wa skrinishoti je? Mwezi uliopita niliweka hapa makala nzima ya mwandishi aliyefuatilia pesa za kaunti kwa miezi. Posti ikavuma, nikapata wafuasi wapya. Yeye hakupata hata shilingi. Nilikuwa najiona kama yule kinyozi, lakini kinyozi alikuwa amenunua gazeti lake.

Wiki hii nimelipia. Mkiniomba skrinishoti, nitawasimulia kwa maneno yangu na kumtaja aliyeandika.