Bibi Titi na kiti cha Rufiji

Sisi wa Vingunguti tukienda mjini tunaifuata Barabara ya Nyerere, tunakuja kushukia Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Wengi wanaolitaja jina hilo kwa konda kila siku wanajua mambo mawili tu: huyu mama alipigania uhuru, na huyu mama alifungwa kwa uhaini. Ya katikati hayasimuliwi. Nami naona ukitaka kumwelewa, anzia hapo katikati, siku alipopoteza jimbo.

Kwanza tujue alikuwa nani. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, na kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. TANU ilipoanzishwa 1954 alichukua kadi namba 16. Mwaka uliofuata akaja mgeni, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, akawauliza viongozi wa TANU kuhusu tawi lao la wanawake. Tawi lenyewe halikuwepo! Titi akapewa kazi ya kuliunda. Hakuanza na hotuba za ukumbini. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma na taarabu, wanawake ambao tayari walikuwa na watu wao na michango yao. Mwanahistoria Susan Geiger anaonyesha kwamba katika miezi michache tu waliandikishwa wanawake wapatao 5,000. Msomi gani wa chama angeyaweza hayo? Hata leo mgombea akija kwetu, ngoma na vitenge vinatangulia, yeye anafuata nyuma. Tofauti ni kwamba siku hizi ngoma inakodiwa.

Uhuru ukaja. Akawa kiongozi wa UWT, mbunge, waziri mdogo.

Ndipo ukafika uchaguzi wa Septemba 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja. Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha wagombea wawili kila jimbo, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Wagombea hao walizungushwa pamoja jimboni chini ya usimamizi wa chama, na hakuna aliyeruhusiwa kufanya mkutano wake mwenyewe. Hebu fikiria: mwanamke aliyezoea kuuteka uwanja mzima kwa sauti yake anapanda jukwaa kwa zamu na mpinzani wake, nafasi sawa kwa sawa, msimamizi wa chama kakaa pembeni. Rufiji ikamwangusha.

Wakubwa wengine nao walianguka. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa kule Mwanza. Lakini Bomani aliteuliwa na Rais akarudi bungeni, akaendelea na uwaziri. Bibi Titi hakuteuliwa. Sitaki kusema ilikuwa chuki, maana Bomani aliyejenga ushirika wa wakulima wa pamba alikuwa mtu wa mahesabu, na serikali changa iliwahitaji watu wa mahesabu. Mtu wa kukusanya umati haikumhitaji tena. Umati ulikuwa umeshakusanywa, na kadi wanazo.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa nazo, akaona bora aachie uongozi. Kuna wanaomwita bepari kwa hilo. Mimi simlaumu sana: mshahara wa ubunge ulishakatika, kodi ya nyumba ndiyo ilikuwa kitu chake mwenyewe, kisichosubiri kura wala uteuzi.

Oktoba 1969 akakamatwa. Kesi ya uhaini ilisikilizwa 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges. Kizimbani walikuwa pamoja na Michael Kamaliza, waziri wa zamani. Oscar Kambona, aliyetajwa kuwa kinara, alikuwa London. Bibi Titi akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Nyerere akamwachia kwa msamaha, na kwa miaka mingi baada ya hapo jina lake halikusikika kwenye sherehe za uhuru aliouimbia. Ilipotimia miaka 30 ya uhuru, 1991, gazeti la chama likamwandika kuwa shujaa. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Bungeni hakuwahi kurudi.